Nzi Huyu ni Yupi? Namna ya Kupiga Picha Itakayomsaidia Muuguzi

  

Leo tutazungumza juu ya nzi. Sisemi yule nzi wa nyumbani anayetua chooni kisha akatua kwenye ugali. Huyo mnamjua. Leo tunawatazama nzi wenye tabia ya kimelea. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kula au kunyonya kiumbe kingine kilicho hai. Wako nzi wanaonyonya damu yetu, na wako nzi ambao watoto wao, yaani mabuu, huishi ndani ya ngozi, ndani ya kidonda, au hata ndani ya jicho.

Na tutazungumza juu ya picha. Kwa nini picha? Kwa sababu siku hizi mgonjwa anapoingia kliniki, kabla hajaketi, ameshatoa simu. "Sista, hebu mwangalie mdudu huyu." Mimi sikatai picha. Picha ikipigwa vizuri inaokoa muda na inaokoa pesa. Lakini picha ikipigwa vibaya, au ikiwa ni ya nzi mwingine kabisa, inaweza kumfanya mama amtibu mtoto ugonjwa ambao hana, na kuuacha ule alio nao.

Basi swali la kwanza ni hili: huyo uliyempiga picha ni nzi kweli?

Hesabu mabawa. Nzi wa kweli ana mabawa mawili tu. Nyuki ana manne. Mbawakawa pia ana manne, mawili magumu juu na mawili laini yaliyofichwa chini yake. Mnaona sasa kwa nini nasema tuhesabu? Kwa sababu mdudu mashuhuri kuliko wote hapa mjini kwetu, yule wanayemwita kwa Kiingereza nzi wa Nairobi, si nzi hata kidogo. Ni mbawakawa. Ni mwembamba, urefu wake ni kama punje ya mchele. Kichwa ni cheusi, kifua ni chekundu cha rangi ya chungwa, tumbo ni jekundu, na ncha ya tumbo ni nyeusi. Ukimwona akitembea ukutani karibu na taa, utadhani ni siafu aliyevaa sare. Wengi wanakumbuka mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño, jinsi alivyojaa nyumbani mwetu.

Mdudu huyu haumi, hadungi, wala hatagi mayai mwilini mwa mtu. Ubaya wake ni sumu iliyo katika majimaji ya mwili wake. Ukimponda shingoni, ngozi huanza kuwaka na kutoa malengelenge baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo usimponde. Mpulize aondoke, au mpe karatasi apande, kisha osha mahali pale kwa sabuni na maji mengi. Ukiletewa picha na kuambiwa, "Huyu ndiye anayeweka mabuu kwenye ngozi," mtazame rangi zake. Ukiona nyeusi na nyekundu zimepangwa kwa zamu, mwondolee lawama hiyo.

Sasa tuje kwa nzi wenyewe.

Mama mmoja wa upande wa Kawangware alikuja na mtoto wa miezi minane. Mtoto alikuwa na majipu matatu, mawili matakoni na moja mgongoni. Alikuwa halali usiku, analia. Mama alikuwa na picha mbili katika simu. Ya kwanza ilikuwa ya nzi wa kijani anayeng'aa, aliyempiga dirishani kwake. Ya pili alitumiwa na majirani kwa WhatsApp: buu nene lenye miiba myeusi, na maneno makali chini yake kwamba nzi huyo ameingia Nairobi na anaua watoto. Jirani alikuwa ameshamshauri achome majipu kwa sindano na kupaka mafuta ya taa.

Wasikilizaji, picha zote mbili zilikuwa za kweli, na zote mbili hazikuhusu mtoto yule. Nzi wa kijani wa dirishani hakuwa na hatia katika jambo hili. Na lile buu la miiba ni la nzi anayeishi Amerika ya Kati na ya Kusini. Yeye hubandika mayai yake kwa mbu, na mbu ndiye anayeyapeleka kwa mtu. Huku kwetu hayuko.

Aliyekuwa na hatia hakuna aliyemwona. Tulimjua kwa kuuliza swali moja: "Mama, wiki mbili zilizopita mlikuwa wapi?" Akajibu, "Tulikuwa Busia kwa nyanya yake." Je, nepi zilianikwa wapi? "Kwenye nyasi, chini ya mti." Hapo jibu likapatikana.

Nzi huyo anaitwa nzi tumbu. Wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga, na hilo neno la pili lina maana ya mla watu. Wengine humwita nzi wa maembe, ingawa shida yake si maembe. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, rangi yake ni manjano iliyoingia kahawia, na hang'ai kama yule wa kijani. Hupenda sehemu za joto na unyevu, na hupenda kivuli. Jike hutaga mayai mia moja hadi mia tatu kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kinyesi, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Haji kutaga juu ya mtu. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na buu dogo sana hungoja kwenye nguo. Linaweza kungoja siku tisa hata siku kumi na tano bila chakula. Nguo ikigusa mwili, buu huingia kwenye ngozi, na mara nyingi mtu hasikii lolote.

Ndani ya ngozi buu hukua kwa siku nane hadi kumi na mbili. Ndiyo maana mtoto aliyeambukizwa Busia huvimba akiwa Kawangware, na mama huilaumu Kawangware.

Utalitambuaje jipu la buu? Kwanza, katikati pana tundu dogo, na tundu hilo halizibi. Pili, hutoa majimaji kidogo. Tatu, mgonjwa husikia kitu kinachomchoma au kinachochezacheza ndani, hasa usiku. Nne, ukitazama kwa makini kwenye mwanga mzuri utaona vidoa viwili vyeusi vikitokeza na kuzama. Hizo ni pua za buu. Ameelekeza nyuma yake juu apate hewa. Tano, majipu yako mahali nguo inapogusa: mgongoni, kiunoni, matakoni, mapajani.

Hapo tumtofautishe na funza tunayemjua sote. Funza si nzi wala si mtoto wa nzi. Funza ni kiroboto. Yeye hupenda miguu, hasa vidoleni na kisiginoni, naye huonekana kama doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Kwa hiyo, ukipiga picha ya uvimbe, usiukaribie tu mpaka usijulikane uko wapi. Piga moja ya karibu, na moja ya mbali kidogo inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili. Mahali penyewe ni nusu ya jibu.

Na jina pia linaweza kupoteza watu. Ukilitafuta jina nzi wa maembe kwenye intaneti, unaweza kupata nzi mwingine kabisa wa Afrika ya Kati na ya Magharibi, mwenye mabawa ya madoadoa, anayenyonya damu na kueneza mnyoo unaopita jichoni. Wawili hao wanaitwa jina moja kwa Kiingereza, lakini hawafanani kwa sura wala kwa madhara. Kwa hiyo usitafute kwa jina tu, halafu ukaogopa.

Tiba ya jipu la buu ni nini? Usilikamue kwa nguvu, na usilichome. Buu likipasuka ndani, mwili huvimba na usaha huweza kuingia. Mafuta ya taa huunguza ngozi ya mtoto. Sisi huziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka, kama Vaseline. Buu hukosa hewa, hutokeza nyuma yake, na hapo hutolewa polepole kwa kibano. Kidonda husafishwa, na tunaangalia kama mgonjwa ana chanjo ya pepopunda. Mtoto yule alitolewa mabuu matatu, na usiku ule alilala.

Kinga yake ni pasi. Nguo iliyokauka ipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mpira wa kiunoni. Pasi ya makaa inafaa sawasawa na ya stima. Anika juu ya kamba, juani, si kwenye nyasi wala kwenye ua wa miti. Kama huna pasi, nguo ikishakauka iweke mahali pakavu kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuivaa. Mabuu yatakufa kwa njaa.

Sasa yule nzi wa kijani wa dirishani tumwache hivi hivi? Hapana. Yeye naye ana kesi yake, lakini ni kesi nyingine.

Nzi wa kijani na wa bluu wanaong'aa kama chuma wako wa aina nyingi. Wako wanaozaana kwenye vyoo vya shimo, wako wanaozaana kwenye mizoga na taka za nyama. Wengi wao hutaga kwenye nyama iliyooza tu. Lakini yuko mmoja wa hatari, Chrysomya bezziana, anayetaga kwenye kidonda cha kiumbe kilicho hai, na mabuu yake hula nyama hai. Anawasumbua sana ng'ombe na mbuzi, na mara chache huwapata watu. Je, unaweza kumtofautisha na wenzake kwa picha ya simu iliyopigwa dirishani? Nitasema wazi: huwezi. Hata mtaalamu hakubali kukata shauri kwa picha ya namna hiyo. Kijani ni kijani.

Alama inayoamua iko kwa buu, tena iko nyuma yake. Nyuma ya buu pana vidoa viwili vya kupumulia, na ndani ya kila kidoa mna vijistari. Kwa wengine vijistari vimenyooka, kwa wengine vimejipinda. Mtaalamu huvitazama kwa darubini kama karani anavyotazama alama ya kidole kwenye kitambulisho. Watu wengi hupiga picha upande wa kichwa wa buu, wakidhani uso ndio utambulisho. Kwa buu ni kinyume. Piga picha ya nyuma.

Nawakumbusha hasa mnaotunza wazee, wagonjwa wa kisukari, na watu waliolala kitandani kwa muda mrefu. Kidonda kifunikwe kwa bendeji safi, na kibadilishwe kila siku au kama ulivyoagizwa. Ukiona mabuu kwenye kidonda, usimwage mafuta ya taa, wala usione aibu ukamficha mgonjwa. Mlete. Tumewaona, tunajua la kufanya, na hatutamsema mtu.

Tuje kwa wanyonyaji wa damu. Swali ninaloulizwa na madereva wa watalii na vijana waliotoka kuzuru mbuga ni hili: "Sista, nimeumwa na mbung'o. Je, nitapata malale?"

Kwanza tuhakikishe ni mbung'o. Tazama mabawa akiwa ametulia. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine mgongoni, kama makasi yaliyofungwa. Tazama mdomo: umenyooka mbele kama sindano. Tena katikati ya bawa lake, picha ikiwa safi, utaona kijichumba chenye umbo la shoka dogo. Alama hiyo mbung'o anayo, na nzi wengine hawana.

Anayechanganywa naye sana ni nzi wa zizini, yule wa kijivu anayeuma miguu karibu na ng'ombe. Huyu naye mdomo wake unatokeza mbele, kwa hiyo mdomo peke yake hautoshi. Lakini akitulia mabawa yake yameachana nyuma. Kule Dagoretti na Uthiru, mahali penye mifugo, ukiumwa kifundoni, yaelekea ni yeye. Anauma vibaya, lakini haleti malale.

Habari njema ni kwamba mwezi wa Agosti mwaka wa 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini alikuwa wa mwaka wa 2009, na mwaka wa 2012 wageni wawili waligunduliwa nje ya nchi baada ya kuzuru Maasai Mara. Lakini tangazo hilo halina maana kwamba mbung'o wamekwisha. Wapo, na mifugo bado inaugua nagana. Kwa hiyo ukiumwa mbugani, kwetu au nchi jirani, halafu ukapata kidonda kilichovimba pale ulipoumwa, homa na kuumwa kichwa, usinunue dawa ya malaria dukani ukangoja. Nenda hospitali, useme kwa kinywa chako: "Nilikuwa mbugani, niliumwa na nzi, na picha yake hii hapa." Daktari asiyeambiwa safari yako hawezi kuiotea.

Na wafugaji wa kondoo na mbuzi, msisahau jicho. Yuko nzi wa kijivu anayerusha mabuu madogo sana kwenye pua za kondoo akiwa anapaa. Mara chache hukosea akamrushia mtu jichoni. Mtu husema, "Kitu kimenigonga jicho," kisha linawaka, linatoa machozi, na anahisi kitu kinatembea. Usilisugue, usitie maziwa wala dawa ya jirani. Hapo hapana haja ya kumtafuta nzi umpige picha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mabuu yatolewe.

Wasikilizaji, sasa chukueni kalamu. Nawapa kanuni fupi: picha tatu na chupa moja.

Picha ya kwanza, juu ya mgongo, mabawa yaonekane yote na jinsi yalivyolala. Picha ya pili, ubavuni, mdomo uonekane. Picha ya tatu, pamoja na sarafu ya shilingi kumi kando yake, tujue ukubwa. Kama ni buu, picha mojawapo iwe ya nyuma yake. Piga mchana, karibu na mlango au dirisha, juu ya karatasi nyeupe. Usimponde kwanza halafu ukaniletea picha ya mabaki.

Chupa moja ni ya mdudu mwenyewe, kwa sababu picha haitoshi kila mara. Nzi aliyekufa mweke kwenye chupa ndogo yenye kifuniko. Buu lililotoka litie kwanza kwenye maji ya moto sana kwa muda mfupi, kisha kwenye spiriti, lisije likawa jeusi. Andika kwenye kipande cha karatasi tarehe na mahali lilipopatikana. Tumia penseli, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti. Chupa hiyo uiweke mbali na watoto. Ikihitajika, sisi tutaipeleka kwa wataalamu. Mji wetu una bahati: tuna wanaosomea wadudu kwenye Makumbusho ya Taifa, tuna madaktari wa mifugo Kabete, na tuna kituo cha icipe kule Kasarani, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo.

Jambo la mwisho, na tafadhali mlitie moyoni. Picha ya mwili wa mtoto wako si ya kusambazwa. Mkipiga picha ya jipu lililo matakoni mwa mtoto, mwonyesheni muuguzi, kisha muifute. Msiitume kwenye kundi la ploti. Atakayeicheka leo atakuwa nayo hata mtoto akiwa mtu mzima. Na mkitumiwa picha ya mdudu wa kutisha, kabla ya kuipeleka mbele ulizeni maswali matatu: imepigwa wapi? Lini? Na huyo aliyeandika maneno chini yake amemwona mgonjwa?

Picha inasema kile tu kilichokuwa mbele ya kamera. Haisemi mlisafiri wapi, nguo zilianikwa wapi, wala mtoto amelia usiku mara ngapi. Hayo utayasema wewe mama, wewe baba, ukija kliniki. Leta picha, lakini mlete na mgonjwa.

 Pigeni nguo pasi, funikeni vidonda, na Mungu akipenda tutakutana tena juma lijalo saa hii hii. Kwaherini.